Siku Matajiri wa Nairobi Walipoinunua Gurudumu

Mlionifuata tangu mwanzo mnaijua mikosi yangu. Wewe uliyeanza leo, sogea nikupashe upesi, maana sina utulivu wa kurudia rudia.

Mimi ni Komora, wa Wenje, kijiji cha mto Tana. Mvua za El Nino zilibeba shamba langu, zikabeba na nyumba, na maji yalipopungua mke wangu Loise naye akaondoka. Msidhani alikimbia njaa. Aliondoka kwa sababu nilimwambia baba yake nimepata kazi kwenye mradi wa mpunga, mzee wa watu akatoka Ngao kwa miguu kwenda kuniulizia huko, akachekwa mbele za watu.

"Ulimi wako utatumaliza, Komora," Loise akaniambia. Akajitwika virago, akarudi kwao.

Ndipo nikaangukia hapa Garsen, kwenye hoteli ya Abdikarim. Kazi yangu ni kusoma. Asubuhi nawasomea wateja gazeti. Na kila mwezi basi likileta Gurudumu, kile kitabu cha katuni za Dereva Sumaku na lori lake, napanda juu ya benchi na kukisoma kwa sauti. Waorma, Wapokomo, Wasomali, Wagiriama, wote hao wanajaa mpaka nje, na chai inauzika kweli kweli.

Wiki jana niliwaacha pale utingo wa basi aliponirushia furushi na kunipigia kelele, "Komora! Hiyo Gurudumu yako imeuzwa!"

"Imeuzwa? Nani kainunua?"

"Mwangwi. Wale wa Nairobi wenye gazeti, wenye redio, wenye mabango. Sasa na Sumaku ni wao."

Basi likaondoka, mimi nimebaki na furushi mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Nikalifungua. Lo! Karatasi inang'aa mpaka unajiona uso. Rangi zimekolea. Nikageuza ukurasa wa mwisho, pale palipokuwa na salamu za wasomaji, nikakuta tangazo la sabuni.

Wa kwanza kulipuka alikuwa Tsuma, fundi wa baiskeli, kijana wa Kigiriama anayejua kusoma mwenyewe lakini huja kunisikiliza kwa raha zake tu.

"Salamu zetu ziko wapi? Aah! Hawa mabuda wa Nai wanatuchezea! Nimemtumia dem wangu salamu Hola, amengoja mwezi mzima, sasa asome sabuni?"

"Tulia, Tsuma."

"Nitulie aje? Ilikuwa yetu hii! Ya Mombasa! Mtu wa Nairobi anajua nini kuhusu barabara ya Garsen?"

Abdikarim yeye alikuwa anahesabu vikombe kwa macho. "Warya, Komora, wacha maneno. Watu wamejaa. Panda benchi usome."

Nikapanda. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipojitia kitanzi.

Lazima kwanza niwaambie habari za Madamu Wembe. Ndani ya kitabu, Madamu Wembe ni jambazi. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga mtandio, na kila toleo anamwibia Dereva Sumaku mzigo na kutoroka. Nchi nzima ilikuwa inangoja ashikwe.

Nchi nzima isipokuwa Garsen.

Mara ya kwanza picha yake ilipotokea, mama mmoja wa Kiorma aitwaye Abdia alikuwa amekaa karibu yangu. Ni mama yake Hirbo, yule mfugaji mwenye sauti kubwa. Mama Abdia aliisogelea ile picha, akaitazama muda, akaniuliza, "Huyu nani?"

Sijui ni shetani gani aliyenipitia. Uso wa yule mama ulikuwa laini, nikaona aibu kumwambia ni mwizi. Nikasema, "Ni dada wa dereva. Alipotea. Dereva anamtafuta."

"Anaitwa nani?"

"Jina bado hawajasema."

"Hawo," akasema mwenyewe, taratibu. "Huyu ni Hawo."

Basi nikadhani amelipenda tu jina. Tangu siku hiyo kila kitabu kiliposema Madamu Wembe, mimi nilisoma Hawo. Kitabu kikisema ameiba lori, mimi nasema amekimbia asionekane kwa sababu anaona haya kurudi nyumbani. Tsuma alijua, akanikonyeza, akanyamaza. Alisema yangu ni tamu kuliko yao. Na mimi, jamani, nani hapendi kusifiwa?

Mama Abdia alikuwa haji mikono mitupu. Ananiletea maziwa, anakaa, kisha anaanza habari kwa utaratibu wao. Kwao Waorma hakuna kurukia jambo. Anayetoka mbali anaulizwa mvua, malisho, mifugo, watu, na anajibu kimoja kimoja bila kuongeza wala kupunguza. Kama hana habari, husema sina. Akishamaliza kuniuliza hayo yote ndipo huinama na kusema, "Na Hawo? Anakula? Amekonda?"

"Anakula, mama. Amekonda kidogo."

Nilidhani ni mapenzi ya hadithi! Nilijiona fundi.

Sasa rudini kwenye benchi. Toleo la kwanza la wenye kampuni wapya, nafungua ukurasa wa kati, nakuta Dereva Sumaku amemkamata Madamu Wembe na kumkabidhi kwa polisi. Picha kubwa, na pingu zinaonekana. Mombasa, Malindi, Nairobi, huko kote watu walishangilia, hata redio ya hao hao Mwangwi ilipiga wimbo wa pongezi.

Maneno naweza kuyapinda, pingu nitazipinda vipi?

"Soma, mwalimu," Hirbo akaniambia, maana ndivyo anavyoniita.

"Anasema... anasema twende kituoni."

"Nani anasema?"

"Dereva."

Hirbo akasimama. "Dereva anashika dada yake? Anapeana kwa askari? Hiyo ni mtu gani?"

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja akatupa kikombe. Mzee wa Kipokomo akasema hata mbwa hafanyi hivyo. Nikaona hasira zote zinanigeukia mimi niliye juu ya benchi, na badala ya kushuka na kusema kweli, ulimi wangu ukafanya kazi yake.

"Si Sumaku!" nikapiga kelele. "Ni hawa matajiri! Wameinunua hadithi, wameiharibu! Zamani isingekuwa hivi!"

Basi ikawa moto. "Wameinunua waiharibu!" kila mtu akapokea. Hirbo akasema hata ng'ombe ukimnunua kwa mtu unamuuliza tabia yake, sasa hawa wamenunua watu wazima na hawakuuliza. Wakaapa hakuna mtu wa Garsen atakayegusa Gurudumu mpaka Hawo afunguliwe. Mama Abdia alijifunika uso kwa leso, akaondoka, na maziwa yake akayasahau chini ya meza.

Toleo lililofuata furushi lilirudishwa Mombasa bila kufunguliwa. La baada yake vile vile. Abdikarim akaninunia. "Chai yangu inalala, Komora. Wewe umewasha, wewe uzime."

Nitazimaje? Usingizi ulikuwa hauniji. Nikilala naona pingu, nikiamka naona uso wa Abdikarim.

Kisha utingo akaleta habari nyingine. Wakubwa wa Mwangwi wameshangaa mji mdogo kama Garsen kurudisha kitabu, wanatuma mtu aje asikie wapenzi wa Gurudumu wanalia nini. Na zaidi ya hapo, wanatafuta wakala wao wa Tana yote ya chini, mtu wa mshahara wa kila mwezi, na jina langu limetajwa.

Mshahara, jamani! Kazi ya kweli, yenye watu wa kuithibitisha! Nikampelekea Loise ujumbe Ngao siku ile ile, kwa mdomo wa mjomba wake. Jibu likarudi: "Mwambie nitakuja na baba. Safari hii nataka kuona kwa macho yangu. Ikiwa kweli, nabaki. Ikiwa ni ule mchezo wake, ndiyo mwisho."

Siku yenyewe Landrova ya kampuni ikaingia kabla jua halijawa kali. Akashuka mama mmoja mnene, mchangamfu, kavaa viatu vya kufunga kamba. Hoteli ilikuwa imejaa pomoni. Loise alikaa mlangoni na baba yake, begi lake miguuni. Sikuwa nimemwona tangu mafuriko. Alikuwa amependeza mpaka nikasahau kusalimia, nikakanyagwa mguu na Abdikarim ndipo nikazinduka.

"Haya ndugu zangu," yule mama wa kampuni akaanza, "mimi ndiye ninayeandika Gurudumu. Nilikuwa na wale wa Mombasa, sasa niko na Mwangwi. Kwingine kote watu wanatupongeza. Nyinyi mmekasirika nini? Hamkutaka mwizi ashikwe?"

"Mwizi gani?" Hirbo akauliza.

"Si Madamu Wembe!"

"Madamu Wembe nani?"

Nikaona Tsuma anajificha nyuma ya birika. Macho yote yakanigeukia, na ya Loise yakiwemo.

"Huyu hapa," yule mama akasema, akainua kitabu na kuonyesha picha.

"Huyo Hawo," watu wakajibu kwa pamoja. "Dada wa dereva!"

"Dada? Sumaku hana dada!"

Nikajua nimekwisha. Nikasema, sauti yenyewe imekauka, "Mama, mimi ndiye msomaji. Niliwa... nilikuwa natafsiri."

Akanitazama. Halafu, amini usiamini, akaangua kicheko. Akacheka mpaka akakaa. "Yaani wewe umewapa hawa watu dada aliyepotea? Na wakarudisha kitabu changu kwa ajili yake?"

"Ndiyo, mama."

"Nairobi nina watu chungu nzima wa kuniambia wasomaji wanataka nini, na hakuna aliyewaza hilo!" Akaninyooshea mkono. "Wakala ni wewe. Ukikubali, unaanza leo."

Watu wengine wakaguna, wengine wakacheka. Tsuma akapiga meza: "Nilisema! Yake ni tamu!" Mzee wa Kipokomo akanisonya lakini akaomba chai. Baba mkwe akajikohoza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika bila kupenda. Na Loise, Loise wangu, akalichukua begi lake na kulisogeza ndani ya mlango.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikanyoosha mkono kumkubalia yule mama wa kampuni.

"Mwalimu." Ni Hirbo. Hakupaza sauti, na Hirbo kutopaza sauti ni jambo la kutisha. "Kwa hiyo hiyo habari yote ulitunga?"

"Hirbo, ndugu yangu, ni hadithi. Ni katuni."

"Mimi najua katuni. Mimi si mjinga. Picha ni ya kuchora, hiyo najua." Akaja mpaka mbele yangu. "Lakini asubuhi unasoma gazeti hapa hapa. Unasema mvua itanyesha, inanyesha. Unasema daraja imevunjika, tunaenda tunaona imevunjika. Halafu na mdomo ile ile unasema Hawo anakula, Hawo amekonda. Mama yangu alikuuliza habari, mwalimu. Wewe ulijibu."

"Lakini jina alilitoa yeye mwenyewe..."

"Hawo ni dada yangu."

Nikakaa kwenye benchi.

"Ya tumbo moja," Hirbo akasema. "Mwaka ya ukame alipanda lori ya ng'ombe, akaenda Mombasa kutafuta kazi. Hakurudi. Hatujasikia kitu. Mama aliona ile picha, akasema labda huyo anayechora alimwona mtoto wangu. Nilimwambia mama, hii ni mchezo. Akasema hapana, kama ni mchezo mwalimu angeniambia. Akasema, nilimuuliza mbele ya watu, akanijibu."

Yule mama wa kampuni alikuwa ameacha kucheka.

"Yuko wapi mama?" nikauliza.

"Basi ya asubuhi. Ameuza mtamba wake, amepanda kwenda Mombasa kutoa Hawo jela. Mimi nilikuwa kwa ng'ombe, nimeambiwa sasa hivi na jirani. Hajui Mombasa. Kiswahili yake unaijua. Ataenda kwa mlango ya jela aseme nini?"

Wallahi, nimepata mikosi mingi, mafuriko, njaa, aibu za kila rangi. Lakini siku zote mkosi ulinijia mimi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mkosi wangu umempandisha mtu mwingine basi.

"Mama," nikamwambia yule wa kampuni, "Landrova yako inaweza kulifikia basi?"

"Barabara ilivyo na tope? Huenda. Lakini nimekwambia kazi inaanza leo."

"Nipeleke kwanza."

Akafikiri, akamwita dereva wake. Nikageuka mlangoni. Loise alikuwa amesimama, begi liko mkononi tena.

"Loise, nitaeleza..."

"Usinieleze mimi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi lakini sauti ngumu. "Nimemwona mama wa Kiorma akipanda basi asubuhi tulipokuwa tunaingia, kumbe ndiye. Amejipamba, Komora. Amevaa kama anakwenda harusini. Nenda ukamwambie. Kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa Hirbo. Ukirudi umesema, utanikuta hapa, uwe na kazi usiwe na kazi. Ukirudi na hadithi nyingine, mimi na wewe basi."

Tukaingia garini. Hirbo alikaa kando yangu, fimbo kati ya magoti. Njia nzima alisema mara moja tu: "Utasema wewe. Mimi nitanyamaza."

"Nitasema."

"Usianze kuzunguka. Sema Hawo hayuko, ulitunga."

"Nitasema hivyo hivyo."

Na nilikuwa na nia, naapa. Nilirudia maneno moyoni kila tuta tuliloruka. Mama, nisamehe. Mama, nilidanganya. Mama, sijui mwanao aliko.

Tulipopita Idsowe tukaliona basi. Lilikuwa limezama kwenye tope jeusi upande mmoja, wanaume wanalisukuma, kina mama wamekaa kando ya njia juu ya mizigo yao. Sikungoja Landrova isimame vizuri. Niliruka, nikateleza, nikaanguka magoti, nikainuka na tope mpaka kifuani.

Mama Abdia alikuwa amekaa katikati ya wanawake wengine, mtandio mpya kichwani, shanga shingoni. Wale wanawake walikuwa wanalia. Wote! Alikuwa amewahadithia.

Aliponiona uso ukamfunguka. "Mwalimu! Umekuja! Na Hirbo! Allah!"

"Mama," nikasema. Pumzi ilikuwa hainitoshi. "Mama, nina neno."

"Ngoja kwanza, ngoja. Njoo usikie huyu."

Akamshika mkono mwanamke aliyekaa karibu naye, mtu mzima, kavaa koti la kaki juu ya gauni, viatu vyeusi vya serikali. Yule mwanamke akajipangusa macho.

"Mimi ni askari wa jela ya wanawake, Mombasa," akaniambia. "Nilikuwa likizo Hola, narudi kazini. Huyu mama amenieleza habari za binti yake. Kaka, mimi huyo binti namjua."

"Unamjua vipi?"

"Kwetu kuna mfungwa anaitwa Hawo. Wa huku huku Tana. Mrefu, mwembamba, hasemi na mtu. Tangu aletwe, hakuna aliyewahi kuja kumwona. Sisi tulidhani hana watu."

Hawo ni jina la kila boma kuanzia hapa mpaka Wajir. Wembamba na urefu ndio maumbile yao. Inaweza kuwa ni yeye. Inaweza kuwa ni mtoto wa mtu mwingine kabisa, na huyu mama atasimama mbele ya nondo, amtazame mgeni, moyo wake uvunjike mara ya pili.

Mama Abdia alikuwa ananiangalia, anatabasamu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shanga. "Mwalimu, wewe ulisema kweli toka mwanzo. Hirbo alisema ni mchezo. Sasa sema, ni neno gani limekuleta mbio hivi?"

Nikafungua mdomo.

Mkono ukanibana bega kwa nyuma, mkono mkavu wa kushika kamba, ukanibana mpaka nikauma meno. Ni Hirbo. Alikuwa analia, Hirbo, mbele za watu. Akainama sikioni mwangu.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "tafadhali. Usiseme."